Mtani Hahojiwi na Mtani

Usiku ule Bi Tatu hakuzima taa ya uani. Alijisingizia asali. Kulikuwa na ndoo mbili zikichujwa, na asali ukiiacha gizani sisimizi hawakuombi ruhusa. Lakini asali haikumhitaji. Ilikuwa ikishuka yenyewe kwenye kitambaa, polepole, kama iliyojua kwamba nyumba ile ina haraka ikaamua kuikomoa. Simu ilikuwa juu ya kigoda mbele yake, imechomekwa kwenye waya mrefu uliotokea dirishani, na kila baada ya muda aliigusa kwa kidole ili kioo kiwake, aone kama kuna neno.

Hakukuwa na neno.

Binti yake, Najiat, alikuwa chumbani, mlango umefungwa. Alisema amelala. Tatu amemzaa na kumlea, anamjua. Mtu aliyelala hasogezi kiti.

Walichokuwa wakikisubiri ni hiki. Najiat alikuwa akisomea shahada ya uzamili katika masomo ya Kiislamu. Kitabu chake, ambacho wenyewe chuoni wanakiita tasnifu, kilikuwa kimeshafika mikononi mwa watahini, na siku ya kukitetea mbele yao ilikuwa imepangwa, Jumanne inayofuata. Halafu Najiat mwenyewe, kwa mkono wake, akaandika barua kuwaambia kwamba sura ya nne, iliyo moyo wa kitabu kizima, ina kosa, na kosa ni lake. Akaomba aruhusiwe kuiandika upya. Kamati ilikuwa imekaa alasiri. Msimamizi wake, Dokta Abdulatifu, alisema akipata jibu atapiga simu hata kama majogoo wamelala. Wakikataa, basi ama Najiat asimame kutetea jambo analojua si kweli, ama arudi nyumbani akae mwaka mzima, na mwaka mzima kwa msichana wa miaka ishirini na tisa ni njia yenye mashimo mengi.

Na aliyeligundua kosa lile ni Tatu. Ndiyo maana usingizi ulimpita mbali.

Tatu binti Majidi alisoma mpaka darasa la saba, akaolewa, akafiwa na mume, akabaki na mtoto mmoja na biashara ya asali. Huinunua kwa warinaji wa misitu ya Uyui na kuiuza mjini Tabora, kwenye kibanda ambacho watu hukijua zaidi kwa maneno ya mwenyewe kuliko kwa kibao cha mlangoni. Wateja hupenda kuijaribu asali kwa vituko. Mmoja ataidondosha kwenye glasi ya maji, mwingine atachovya njiti ya kiberiti aone kama itawaka. Tatu huwaacha wamalize, kisha huwaambia kwamba tapeli naye anazijua hizo njiti. Yeye ana njia moja tu, nayo ni kuuliza. Asali hii nani ameirina? Msitu gani, mwezi gani? Nani aliibeba mpaka barabarani? Na ndoo hii, kabla haijatiwa asali, ilikuwa na nini? Muuzaji akijibu, "Nimeipata kwa jamaa mmoja," Tatu humrudishia kifuniko chake. Asali ya jamaa asiye na jina haiingii kibandani kwake.

Miaka miwili nyuma, Najiat alikuwa amekaa kwenye gunia akimsikiliza mama yake akimhoji hivyo mtu wa ndoo tatu, akaanza kucheka.

"Mama, unajua kwamba unafanya isnadi?"

"Ninafanya biashara."

"Ni kitu kilekile. Wanazuoni wa hadithi walikuwa hawaipokei kauli mpaka waambiwe nani kaisikia kwa nani, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwanzo wake. Halafu wanamtazama kila mmoja: mkweli huyu? Ana kumbukumbu nzuri? Kweli alikutana na huyo anayesema kamsikia? Wakimaliza watu, ndipo wanayageukia maneno yenyewe, wanayaita matini. Je, yanaingia akilini?"

"Na ndoo? Hawakuuliza ndoo ilikuwa na nini?"

Najiat aliacha kucheka. Akatoa kalamu akaandika, na Tatu hakujua kaandika nini mpaka baadaye sana.

Alichokuwa akikitafuta Najiat ni habari za kisima cha Kigwa. Kiko kando ya msikiti mdogo wa udongo, kwenye njia ile ya zamani ambayo misafara ilipita ikitoka pwani kuja Tabora na kuendelea hadi ziwani. Kisima hicho ni wakfu, yaani mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu, isiuzwe, isirithiwe, watu wanufaike nayo milele. Aliyekitoa ni mwanamke. Zaidi ya hapo kila mtu alikuwa na lake.

Dokta Abdulatifu alitaka Najiat abaki kwenye nyaraka. Alikuwa mtu mwema, mkali, ambaye hata chai aliinywa kama anaihakiki. "Nenda kwenye hifadhi, soma barua za wafanyabiashara, soma za wamisionari," alimwambia. "Ukiingia kwenye masimulizi utatoka na hekaya. Na isnadi ni ya hadithi za Mtume, si ya visima."

"Dokta, nyaraka zina majina ya waliopita na pembe za ndovu," Najiat alijibu. "Waliochota maji hawamo."

Ilimchukua miezi mitatu kumkubalisha. Njia aliyoichagua ilikuwa ya kuhoji wazee ana kwa ana, kuandika kila simulizi pamoja na mnyororo wa waliolipokeza, kisha kulipitisha kwenye machujio mawili, la watu na la maneno. Jaribio la kwanza, la kugawa dodoso lenye maswali thelathini, lilishindwa ndani ya siku mbili. Bibi wa Igalula alijibu "ndiyo" kwa maswali yote, pamoja na lile lililouliza umri wake. "Alikuwa ananipa adabu, hakuwa ananipa habari," Najiat alimwambia mama yake, na akayachana madodoso akafungia vitumbua. Dokta aliposikia alisema, "Endelea na hiyo njia yako. Lakini ukiteleza, utateleza mbele ya watu."

Naye hakuteleza. Angalau ndivyo walivyoamini wote. Alikwenda Kigwa mara nne, akarekodi wazee kumi na mmoja, akaandika, akachuja, akapeleka kitabu. Siku ya Ijumaa, majuma matatu kabla ya usiku ule wa taa, alikuwa barazani akijizoeza kutetea sura ya nne kwa sauti, na Tatu alikuwa akikamua masega.

"Chanzo changu chenye nguvu," alisema Najiat kana kwamba watahini wamepangwa ukutani, "ni Mzee Ngollo, ambaye shamba lake limepakana na kisima. Si Mwislamu, lakini jirani wa kisima anakijua kisima, na hana faida ya kusema uongo. Kwa mujibu wake, bibi aliyekitoa alikuwa mtumwa. Na hapo ndipo swali langu linapozuka. Mtumwa kisheria hamiliki, na asiyemiliki hawezi kuweka wakfu. Basi ama aliachwa huru kwanza, ama bwana wake..."

"Alisemaje hasa?" Tatu aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nani?"

"Huyo mzee. Maneno yake, si yako."

Najiat alitabasamu, akaitafuta sauti kwenye simu. Alijivunia sauti zake. Ikasikika sauti ya mzee, nene, yenye utulivu wa mtu anayetafuna kitu.

"Mama yako ni wa watu gani, mjukuu wangu?"

"Mzaramo, babu. Lakini wa hapahapa Tabora, babu wa babu yake alikuja na reli."

Mbuzi akalia mahali. Kisha mzee akasema, polepole, kama anayesoma: "Ahaa. Mzaramo. Basi na yule bibi wa kisima alikuwa mtumwa wetu. Tulimnunua kwa kibuyu kimoja cha asali. Na nusu yake tulishainywa njiani."

Mikono ya Tatu ilisimama ndani ya masega.

"Rudisha."

Najiat akarudisha. Tatu akasikiliza tena, uso umemkauka, kisha akaanza kucheka, na katikati ya kicheko hofu ikamshika akanyamaza.

"Najiat. Umeandika hivyo? Kibuyu cha asali umekiandika?"

"Ukurasa wa themanini na saba. Kuna na tanbihi kuhusu thamani ya asali kwenye biashara ya msafara."

"Mwanangu, huo ni utani."

Msichana alimtazama kama aliyeambiwa kwamba msikiti umehama. Tatu akakausha mikono kwenye kanga, akamweleza, ingawa aliona haya kumweleza msomi jambo ambalo mtoto wa sokoni analijua. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, tangu hawa walipokuwa wakishuka pwani na mizigo na kulala vijijini kwa wale. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakweo ukacheka. Neno lenyewe wanaloitana ni hilohilo. Huyu humwambia yule "mtumwa wangu", na yule humrudishia.

"Babu yako Majidi alipofariki, wewe hujazaliwa, Wanyamwezi walikuja wakaingia kaburini wakalala. Wakasema hatoki mtu humu, mtumwa wetu amekufa bila ruhusa. Baba zangu wadogo walilia na kucheka pamoja. Walipopewa kuku wakatoka."

"Utani naujua, mama! Nani asiyejua utani? Lakini mzee hakucheka."

"Mtani akicheka amekwisha kushindwa."

"Na hapa ni njia ya misafara! Watumwa wa kweli walipita hapa, maelfu. Nimesoma kuhusu hilo miaka miwili. Nitajuaje kwamba..." Hakumaliza. Alikaa chini kwenye ngazi. Akasema, kwa sauti ndogo, "Nilisikia vitabu. Sikumsikia yeye."

Tatu hakupenda kumwona hivyo. Alitamani kurudisha maneno kinywani. Watahini walikwisha kupewa kitabu, hawakuwa Wazaramo, hawakuwa Wanyamwezi pengine, nani angejua? Wazo hilo lilipita, akalitazama likipita, na hakulisema. Lakini aliogopa kwamba Najiat angelisema.

Najiat hakulisema. Aliingia ndani akatoka na begi. "Kesho nakwenda Kigwa. Namwuliza tena."

"Ukimwuliza wewe atakuuzia kibuyu kingine," Tatu alimwambia. "Mtani hahojiwi na mtani. Ni haki yake kukudanganya, na usipodanganyika anakuona huna adabu. Mtafute mtu ambaye hawezi kumtania."

"Nani?"

Tatu alikuwa na jibu kabla ya swali. Asali yake nzuri ya Kigwa huletwa na mwanamke aitwaye Consolatha, Mkatoliki, mchapakazi, mwenye ulimi wa wembe. Wamefanya kazi pamoja miaka kumi na minne. Na Consolatha ameolewa na mtoto wa kwanza wa Mzee Ngollo.

"Mkwe," alisema Tatu. "Mkwe hataniwi."

Asubuhi walipanda gari la abiria wote wawili. Consolatha aliwapokea kwa kelele. Alipoelezwa alijipiga paja akacheka hadi machozi.

"Amemnunua kwa kibuyu! Na nusu akainywa! Bi Tatu, na wewe nitakupeleka mnadani, pengine nitapata debe."

"Debe la maji ya chumvi. Hebu acha, Consolatha. Mtoto ana shida."

"Naiona shida yake. Imevaa miwani." Kisha akawa mtu wa maana kabisa, kama ilivyo desturi yake anapopima asali. Akafunga kanga ya pili, akatangulia.

Mzee Ngollo alikuwa uani akichonga mpini. Consolatha alipiga magoti mbali kidogo, akainamisha macho, akasalimu. "Mwangaluka, baba." Mzee aliweka panga chini na kuitikia, na uso wake ukabadilika ukawa uso wa kanisani. Najiat na mama yake walikaa nyuma ya Consolatha, kimya kama walivyoagizwa, simu imewekwa juu ya kinu ikirekodi, na mzee alikuwa ameonyeshwa na kukubali.

Consolatha aliuliza kwa Kinyamwezi, mzee akajibu kwa Kinyamwezi, na kila baada ya kipande Consolatha alitafsiri. Bibi yule aliitwa Tunu. Alitoka pwani na mume wake, aliyekuwa mpagazi, yeye akipika. Mume akafa kwa ndui hapo Kigwa. Msafara ukaondoka, yeye akabaki na kaburi. Alifinyanga vyungu, akauza, akawalipa vijana wachimbe. Kisima kilipotoa maji akasema anywe apitaye yeyote, na asiulizwe ametoka wapi. Hayo mzee aliyapata kwa bibi yake mzaa baba, na bibi huyo alichota maji pale pamoja na Tunu mwenyewe, Tunu akiwa mzee wa mkongojo.

"Muulize," Najiat alinong'ona, "alikuwa mtumwa wa mtu?"

Consolatha aliuliza. Safari hii mzee alijibu kwa Kiswahili, akimtazama mkwe wake.

"Hapana. Watumwa wa kweli walipita hapa, mama. Bibi yangu aliwaona. Walinywa kisima hicho wakiwa wamefungwa, na Tunu ndiye aliyewashikia kata, kwa sababu mikono yao haikuwa yao. Alikuwa akilia kila mara. Hilo sitanii." Ndipo akamgeukia Najiat, na jicho moja likawa dogo. "Wewe ni mtumwa wangu. Hilo ni jambo jingine."

"Nawe ni mtumwa wangu, babu," alisema Najiat, "na kibuyu nitakirudisha kikiwa kitupu, kama mlivyokileta."

Mzee Ngollo akapiga makofi. "Sasa amekuwa mtu! Mara zote nne alikuwa anaandika tu!"

Usiku huo nyumbani Najiat hakulia kama Tatu alivyoogopa. Alifanya kazi. Katika picha zake za zamani alikuwa na picha ya daftari la wanawake wa msikiti wa Kigwa, lile lenye majina ya marehemu wanaoombewa kwenye khitima. Aliipiga mwaka uliopita na hakuitazama tena. Akaikuza kwenye kioo. Mstari wa tatu ulisomeka: Tunu binti Kondo, mwungwana.

"Kondo ni jina la kwetu," alisema Tatu, akisoma juu ya bega lake.

"Na mwungwana ni mtu huru. Na ana jina la baba, mama. Aliyetekwa, mara nyingi hata jina la baba hupotea. Si hoja ya mwisho, lakini ni hoja. Na hawa wanawake hawakupokea kwa Mzee Ngollo, wana njia yao." Alijipiga kipaji kwa kiganja. "Ilikuwa kwenye simu yangu. Nilikuwa na njia mbili na nikatembea moja."

"Sasa utafanyaje?"

"Mzee ni mpokezi mkweli. Mwandishi ndiye hakujua ndoo ilikuwa na nini." Alisema hivyo bila kutabasamu, na Tatu akaelewa alichoandika Najiat siku ile alipokuwa amekaa kwenye gunia. "Mafakihi, wanazuoni wa sheria, wanasema neno hupimwa kwa ada, yaani desturi, ya wasemaji wake. Nililisoma hilo, nikalijibia mtihani, nikapata alama nzuri. Nitawaandikia watahini."

"Wote?"

"Wote."

Moyo wa Tatu ulimwambia mtoto huyu atajimaliza mwenyewe. Lakini yeye ni mwanamke ambaye aliwahi kumwaga ndoo nzima barabarani mbele ya wateja, kwa sababu aligundua ilitiwa sukari na alikuwa ameshaisifu. Angesema nini?

Basi ndivyo walivyofika kwenye usiku ule wa taa. Simu ililia wakati adhana ya alfajiri ikianza, na Tatu akaipokea kwa mkono wenye asali kabla Najiat hajafika mlangoni.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, mama. Nimechelewa, kamati ilibishana mpaka usiku, nikaona nisiwaamshe."

"Hukuwa na wa kumwamsha. Wamesemaje?"

"Wamekubali alete sura mpya. Lakini mtahini wa nje amesema atamwuliza zaidi kuhusu kosa lenyewe kuliko kitabu. Amesema, mtu aliyekosea hivi anaweza kukosea tena, anataka ajue kama ameelewa alivyokosea. Mwambie asije kujitetea. Aje kueleza. Na mama, mwambie pia kwamba mimi ningebaki na nyaraka, na jina la Tunu nisingelipata."

Jumanne Tatu alikaa kwenye benchi la mbao, kwenye ukumbi mrefu wa chuo, akiutazama mlango wa rangi ya kijani. Consolatha alikuwa amekuja kutoka Kigwa kwa gari la alfajiri, na mfuko wa karanga mapajani. Ndani walikuwa Najiat, Dokta Abdulatifu, watahini wawili wa chuo na huyo wa nje, mtu aliyeitwa Dokta Jilala, mwanahistoria, ambaye alipita mbele yao asubuhi bila kutazama kushoto wala kulia.

"Kula karanga."

"Sina koo."

"Basi omba. Wewe omba kwako, mimi nimeshamwambia Bikira Maria. Tuone nani anajibiwa kwanza."

"Usilete mashindano siku ya leo, Consolatha."

Saa moja ikapita. Sauti ya Najiat ilisikika kupitia mbao, maneno hayakusikika. Mwanzoni ilikuwa ikienda na kukatizwa, kwenda na kukatizwa. Kisha ikaanza kwenda muda mrefu bila kukatizwa, na Tatu, ambaye huisikiliza asali ikimiminwa akajua kama ina maji, aliusikiliza mmimino ule akaona ni mzito na haukatiki. Mgongo wake ukanyooka kidogo. Lolote watakaloamua, alijiambia, mtoto anaongea kama mtu anayejua bidhaa yake imetoka wapi.

Ghafla kukawa na kicheko ndani, cha wanaume wengi.

"Wanamcheka," Tatu alisema.

"Kicheko kina aina nyingi. Hicho si cha kebehi."

"Umejuaje?"

"Cha kebehi kinaishia puani. Kula karanga."

Kisha kimya. Kimya kile kilirefuka hadi Tatu akahesabu misumari ya mlango, juu tisa, chini minane, mmoja umeng'oka. Kitasa kikazunguka. Mlango ukafunguka nusu, na Dokta Jilala akasimama katikati yake, mrefu, miwani imeshuka puani, uso mkavu kama ubao.

"Mama wa Najiat ni yupi?"

Tatu akainuka. "Ni mimi. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye Mzaramo?"

"Ndimi."

"Mimi ni Mnyamwezi, kwetu Nzega. Nimekaa humu saa mbili na mtumwa wetu, nimempiga maswali kila upande, hakutoroka. Tumeona amefaulu. Mchukue nyumbani."

Uso wake haukuwa na hata chembe ya kicheko. Tatu alifungua kinywa kushukuru, akakifunga. Mtani akicheka amekwisha kushindwa, na huyu hakucheka. Alimtazama machoni, akatazama mikono, akatazama viatu. Hakupata mlango wa kuingilia. Basi akamgeukia mwenzake kwenye benchi.

"Consolatha, muulize wewe."

Consolatha akaweka karanga chini, akapiga goti palepale sakafuni, akainamisha macho. "Baba, samahani. Kweli amefaulu?"

Dokta Jilala alimtazama yule mama aliyepiga goti, kisha akamtazama Tatu, na akaelewa alichofanyiwa. Akavua miwani.

"Amefaulu, mama. Kweli. Ana marekebisho madogo, kurasa tatu."

Na akausukuma mlango kwa bega, ukafunguka wote.